MOTA MPYA JUU YA MASHINE ILIYOUNGUA



Kwenye ubao wa karakana yetu imebandikwa karatasi ya mistari miwili. Mstari wa kwanza wasema kwamba trekta ya kufyeka nyasi za kando ya reli ilitengenezwa vizuri ikarudishwa kazini. Mstari wa pili wasema kwamba bei ya mota iliyoharibika mara ya pili itakatwa katika mishahara ya dereva na fundi, mwezi kwa mwezi, mpaka iishe. Twaomba kila mwanachama aisome karatasi hiyo, kisha asome na haya yetu, apime mwenyewe ni nani mwenye kosa.

Kwa wenzetu walio mbali, vituoni na katika ofisi za tikiti, tueleze kwanza mashine yenyewe. Trekta hii ina mkono mrefu wa chuma, na kwenye ncha ya mkono pana kichwa chenye visu vya kufyekea. Visu vinazungushwa na mota ndogo, unaweza kuipakata kama mtoto. Mota hiyo haina umeme wala petroli. Inasukumwa na mafuta ya haidroliki yatokayo kwenye pampu ya trekta, yakipita katika paipu za mpira zenye waya ndani. Paipu ya kwanza hupeleka mafuta yenye presha. Ya pili huyarudisha. Ya tatu ni nyembamba, nayo hurudisha kwenye tangi yale mafuta machache yanayovuja ndani ya mota. Ishikeni habari ya paipu hii nyembamba, maana tutairudia.

Asidhani mtu kwamba kufyeka ni kazi ndogo. Nyasi zikiota zikafunika alama, dereva wa treni haoni mbele, wala mwenye gari haoni treni pale barabara inapokata reli. Kwa hiyo mashine hii ni jambo la watu wote wa reli, hata la abiria aliyelala ndani ya behewa.

MAMBO YALIVYOKUWA

Wakati wa kiangazi dereva aliona paipu ya presha inasuguana na ukingo wa mkono wa chuma. Ganda la nje lilikuwa limekwisha kulika na waya zaonekana. Aliandika habari hiyo katika kitabu cha trekta. Baada ya juma moja akaandika tena. Mara zote mbili alijibiwa neno lile lile: endelea, paipu imeagizwa. Paipu haikuja. Uliokuja ni moto.

Paipu ilipasuka saa nane mchana, nyasi kavu zimejaa juu ya kichwa cha mashine na kando ya injini. Mafuta yakarushwa juu ya ekzosi. Wako watu wanaodhani mafuta ya haidroliki hayawaki kwa kuwa si petroli. Ni kweli kwamba yakiwa yametulia katika chombo yanahitaji joto la kama nyuzi 200 ndipo mvuke wake ushike moto. Lakini yakirushwa kwa presha huwa matone madogo kama umande, na umande huo ukigusa ekzosi ya trekta iliyo kwenye kazi nzito, huwaka mara moja. Dereva alizima injini akaruka. Genge la njia likaja mbio na mtungi wa kuzimia moto, na mchanga, na matawi mabichi. Trekta iliokoka. Mkono na kichwa cha mashine viliungua, na mota ikafa.

Mafundi wetu waliikagua wakaandika orodha ya vitu kumi na kimoja: mota, paipu zote tatu, oringi za viungo, beringi za rola ya visu, boliti za kushikia mota, chujio, mafuta mapya, bati la kukinga ekzosi, na mtungi mwingine wa kuzimia moto. Orodha ilipanda ofisini, ikarudi imepigwa mistari myekundu. Kilichobaki ni mota peke yake. Vitu kumi vilionekana ni anasa.

Mota ikafungwa. Fundi aliandika katika kitabu, kwa mkono wake, kwamba paipu zimepita motoni na hazifai. Akaambiwa mashine inangojwa.

Siku ya pili asubuhi ulionekana ukungu mwembamba wa mafuta karibu na kiungo cha paipu ya presha. Msaidizi wa dereva, kijana ambaye hajafundishwa na mtu, alipitisha kiganja ili atambue unatoka wapi. Alihisi kama amechomwa na mwiba. Tundu lilikuwa dogo, hata damu haikutoka vizuri. Aliambiwa anawe, afunge kitambaa, kazi iendelee. Alasiri mota mpya ilitapika mafuta penye shafti, ikalia, ikakwama. Usiku mkono wa kijana ulivimba mpaka kwenye kiwiko. Hospitalini walimpasua kiganja kutoa mafuta yaliyoingia ndani. Hata leo vidole viwili havikunjiki.

Hayo ndiyo mambo yaliyotokea. Na juu ya mambo hayo ofisi imeandika neno moja: uzembe. Si uzembe wa aliyepiga mistari myekundu. Uzembe wa dereva na fundi!

KWA NINI MOTA YA PILI ILIKUFA

Tairi ya gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa inchi moja ya mraba. Mashine za namna hii hufanya kazi kwa pauni 2,000 mpaka 3,500. Basi ndani ya paipu ile mna nguvu ya karibu mara mia ya tairi. Paipu ya kubeba nguvu hiyo yatakiwa iwe nzima, si karibu nzima.

Paipu za kawaida za mafuta hutengenezwa zivumilie joto la nyuzi 100 hivi. Moto wa mafuta na nyasi hupita hapo mbali sana. Paipu iliyotoka motoni unaweza kuifuta masizi kwa kitambaa ikang'aa, lakini ndani mpira umekauka kama mkate uliosahauliwa jikoni. Mafuta yakipita yanaumenya vipande vipande. Vipande hivyo vinakwenda wapi? Vinakwenda moja kwa moja ndani ya mota mpya. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, na nafasi iliyo kati ya vyuma ndani ya mota ni nyembamba kuliko unywele huo. Punje moja ya mpira mkavu, au ya masizi, au ya ule unga wa mtungi wa kuzimia moto, yatosha kukwaruza chuma kipya siku ya kwanza.

Sasa turudi kwenye paipu nyembamba. Kila mota ya namna hii huvujisha mafuta kidogo ndani yake, nayo ndiyo yanayolainisha beringi. Hayo lazima yapate njia ya kurudi kwenye tangi bila kuzuiwa. Baada ya mota kukwama tuliikata paipu ile kwa msumeno. Tulikuta mpira wa ndani umeyeyuka ukaziba, hata njiti ya kiberiti haipiti. Mafuta yalikosa mlango, yakajaa ndani ya mota, yakajifungulia mlango wao wenyewe kwa kuisukuma nje sili ya shafti. Fundi angekuwa na vyeti vya dunia nzima asingeweza kuizuia sili hiyo isitoke. Kipande cha paipu kipo kwa katibu wa tawi. Mwenye macho aje atazame.

Wengi wetu tuliosoma shule za misheni twakumbuka fundisho la divai mpya na viriba vikuukuu. Mwalimu hakuwa fundi wa mashine, wala sisi watoto, lakini kila mmoja darasani alijua mwisho wake. Ajabu kwetu ni kwamba jambo lililo wazi kwa mtoto wa darasa la nne limefichika kwa mtu mwenye meza kubwa na kalamu nyekundu.

WANAYOSEMA WAKUBWA

Wasema kwanza kwamba pesa hakuna. Twauliza: mota ya kwanza ilinunuliwa kwa pesa, na ya pili itanunuliwa kwa nini? Vile vitu kumi vilivyokatwa havifikii nusu ya bei ya mota. Kwa kuogopa nusu wamelipa mara mbili, tena juu yake kuna mkono wa mtu ambao hauuzwi dukani. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa ni paipu moja iliyoandikwa kitabuni mara mbili kabla ya moto wowote.

Wasema pili kwamba dereva ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Ndiyo, alikuwapo. Ndiye pia aliyeona hatari kabla ya wote, akaiandika, akaweka na tarehe. Ikiwa mtu anayepiga kelele "moto!" ndiye atakayelipia nyumba, basi kesho hakuna atakayepiga kelele, na nyumba zote zitateketea kimya kimya.

Wasema tatu kwamba fundi, kama alijua, angekataa kuifunga mota. Hapa, ndugu, tusione haya kusema kweli: neno hili lina ukweli ndani yake. Tumezoea kuambiwa "jaribu tu", nasi tukajaribu. Tumezoea kuokota paipu kuukuu nyuma ya stoo na kuiunga, kisha kusifiwa kwamba sisi ni mafundi hodari. Sifa hiyo ni sumu. Kila mara tunapoifanya mashine mbovu itembee, tunampa mwenye kalamu nyekundu ushahidi kwamba orodha yetu ilikuwa ya uongo. Na yule kijana, ni nani kati yetu aliyemwambia asiguse mafuta yenye presha kwa mkono? Hakuna. Kosa hilo ni letu, na kulirekebisha hakungoji barua ya ofisi.

Lakini kosa la kunyamaza si sawa na kosa la kuamuru. Fundi aliandika kwamba paipu hazifai. Aliyesoma maneno hayo akatuma mashine kazini ndiye anayepaswa kujibu.

MATENGENEZO YA KWELI

Ili asiseme mtu kwamba twajua kulaumu tu, twaandika hapa jinsi mashine iliyoungua inavyotengenezwa. Kila karakana ikate ukurasa huu iubandike.

Kabla ya kufungua nati yoyote, mkono wa mashine ulazwe chini, injini izimwe, na presha iondolewe kwa kuchezesha mitambo huku na huku. Presha hukaa ndani hata injini ikiwa imezimwa.

Asiyevaa glavu asiguse kitu kilichoungua. Sili nyingine zimetengenezwa kwa mpira wenye fluoro, nao ukiungua kwa joto kali huweza kuacha majimaji meusi yenye asidi inayopenya ngozi mpaka mfupa. Huwezi kujua kwa macho ni sili ipi, basi ziogope zote.

Kisha itafutwe sababu ya moto. Sababu isipojulikana, mota mpya ni kuni mpya.

Mota ya kununua isichaguliwe kwa sura. Yatazamwe shafti, matundu ya boliti, upande wa kuzunguka, na kiasi cha mafuta inachomeza kwa mzunguko mmoja. Hii ni hesabu ya shule ya msingi. Pampu ikileta lita 80 kwa dakika, mota inayomeza sentimita za ujazo 40 kwa mzunguko itazunguka mara 2,000. Ukifunga iliyo sawa kwa umbo lakini inameza 28 tu, itazunguka zaidi ya mara 2,800, na visu vitang'oka kama mawe ya kombeo.

Paipu zote zilizofikiwa na moto zitupwe, hata ile iliyo nzuri kwa macho. Oringi zitupwe. Beringi zilizopata moto zitupwe, na boliti vilevile, maana chuma kigumu kikipashwa sana hupoteza ugumu wake. Mafuta yamwagwe, tangi lioshwe, chujio libadilishwe, na paipu za chuma zisafishwe ndani kabla mota mpya haijaunganishwa.

Nyumba ya mota ijazwe mafuta safi kwanza, isianze kuzunguka ikiwa kavu. Mashine iendeshwe polepole bila kazi kwa dakika kadhaa, watu wakiwa mbali. Mvujo utafutwe kwa kipande cha kadibodi au ubao kilichoshikwa kwa mbali, wala si kwa kiganja. Na mtu yeyote akichomwa na mafuta ya presha, hata tundu likiwa dogo kama la sindano, apelekwe hospitali saa ile ile, daktari aambiwe ni mafuta ya presha. Usingoje uvimbe.

Mwisho, kila jioni nyasi ziondolewe juu ya mashine, na kila asubuhi paipu zikaguliwe. Hii haihitaji pesa.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Dereva alifanya hivyo mara mbili, na fundi mara moja. Kifungu hicho hicho chamzuia mwenye mahali pa kazi kumrudisha mtu penye hatari ya namna hiyo kabla haijaondolewa. Sheria hiyo pia yataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Sisi ni zaidi, na hiyo kamati hatujaiona ikikaa.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa kosa la makusudi. Makusudi, ndugu! Je, mtu aliyeandika "paipu hizi hazifai" ameharibu kwa makusudi? Kitabu cha trekta kisomwe mbele ya watu wote, jibu litapatikana kwa dakika tano.

Watu wa reli na wa bandari waliosimama pamoja kule Mombasa katika Januari 1947 hawakuwa na vifungu hivi mkononi. Walikuwa na miguu yao na umoja wao. Sisi vifungu tunavyo, lakini karatasi haitembei peke yake mpaka iwe na watu wa kuibeba.

TUNALODAI

1. Karatasi ya makato itolewe ubaoni, na isikatwe hata senti moja katika mishahara ya dereva na fundi.

2. Kijana aliyeumia alipiwe matibabu, na apate haki yake chini ya Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Fomu zake zipelekwe sasa, zisilale katika droo.

3. Mashine isirudi njiani mpaka vitu vyote kumi na kimoja vifungwe, na fundi aliyevifunga atie sahihi. Anayetaka kufuta kitu katika orodha ya fundi naye atie sahihi, aandike na sababu. Mkono unaofuta uwe na jina.

4. Kamati ya usalama ikae, na kitabu cha kila mashine kisomwe mbele yake.

Nasi tuna letu la kufanya bila kungoja mtu. Kuanzia sasa mwanachama yeyote akiona paipu imelika, aandike kitabuni, aweke tarehe, kisha nakala ampe mwakilishi wa tawi siku ile ile. Akiamriwa kuendesha mashine aliyoiandika kuwa ni hatari, asigombane wala asitukane. Aseme kwa heshima, "Bwana, nimeandika," na amwite mwakilishi. Asiachwe asimame peke yake. Fundi mmoja akisema paipu hazifai, ataambiwa ana kiburi. Karakana nzima ikisema, paipu zitanunuliwa.

Mota ya tatu imekwisha kuagizwa, twasikia. Paipu je?

UMOJA NI NGUVU.

Sisi wa karakana.